Usalama wa Mvuvi Huanzia Mwaloni

(Haya ni mazungumzo ya Bwana Samaki mmoja mbele ya wavuvi, wenye mitumbwi na akina mama wachuuzi wa dagaa, katika mwalo wa Ziwa Victoria. Tunayachapa hapa ili yasomwe kwa sauti katika vikundi. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.)

 

Mara nyingi mkiniona hapa mwaloni mnajua nimekuja kwa habari ya nyavu. Mnajiuliza, leo atapima macho ya wavu wa nani? Leo sikuja na kipimo. Leo sizungumzi juu ya samaki. Nazungumza juu ya mtu anayemfuata samaki.

Mvuvi ni mwindaji. Hana tofauti na yule aendaye porini na mbwa wake. Lakini mwindaji wa porini akichoka, hukaa chini ya mti. Akinyeshewa, hujificha pangoni. Akipotea, husimama akafikiri. Mwindaji wa majini hana mti wala pango. Ana ubao mmoja tu, na ubao huo ndio nyumba yake, ndio ardhi yake, ndio uhai wake. Ubao ukimwacha, hana pengine pa kusimama.

Kwa hiyo neno langu la leo ni fupi. Usalama wa mvuvi huanzia mwaloni. Yale yatakayokuokoa saa tisa za usiku katikati ya maji, lazima uyafanye saa kumi na moja za jioni ukiwa bado umekanyaga mchanga.

ZIWA LETU SI BWAWA

Wengi wetu tumezaliwa kando ya ziwa hili. Tumeoga humo tukiwa watoto. Ndiyo maana tunalizoea, na mazoea ndiyo hatari ya kwanza.

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Katika Afrika nzima hakuna ziwa lililo kubwa kuliko hili. Tunaligawana nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Pale penye kina kirefu, maji hufika kama meta 80 kwenda chini. Hata mkipanga watu 40 mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, yule wa juu kabisa bado angefunikwa na maji.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio kwamba kila mwaka watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa katika ziwa hili. Hayo ni makadirio, kwa sababu wengi hufa bila kuandikwa popote. Sasa basi, ninyi mliohitimu masomo yenu mnajua kugawanya. Chukueni ile hesabu ndogo, 3,000. Gawanyeni kwa siku 365. Mtapata watu 8 na zaidi kidogo. Watu 8 kila siku, leo, kesho na keshokutwa. Tungesikia chui anaua watu 8 kila siku, nchi nzima ingetoka na mikuki. Lakini maji yakiua tunasema, "Ndiyo ziwa."

KWA NINI DHORUBA HUJA USIKU

Wapo wanaosema dhoruba ya ziwa haina sababu, eti hujitokea tu. Sivyo. Ina sababu, na yafaa tuijue.

Mchana jua huchoma nchi kavu na maji pamoja. Nchi kavu hupata joto upesi. Hewa ya nchi kavu ikipata joto hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi yake. Ndiyo maana alasiri upepo hutoka ziwani na kuja kwetu. Mawingu ya mvua hujikusanya huku juu ya milima na mashamba.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi. Maji hayapoi upesi, hubaki na joto lake. Sasa hewa ya ziwani ndiyo inayopanda juu, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Hautoki upande mmoja tu. Unatoka upande wa Mwanza, wa Bukoba, wa Musoma, wa Kisumu na wa Entebbe, yaani pande zote. Pepo hizi hukutana juu ya ziwa, hupanda kwa pamoja, na mawingu makubwa hujengeka. Kwa hiyo radi na tufani nyingi za ziwani hutokea kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi.

Na ninyi wavuvi wa dagaa mnakuwa wapi saa hizo? Mko huko huko. Dagaa hufuata taa, na taa hufaa penye giza. Mbalamwezi ikiwaka mnapumzika, giza likiingia mnatoka. Saa ya kazi yenu ndiyo saa ya dhoruba. Sisemi muache kazi. Nasema mwende mkijua.

Wakati wa masika na vuli jihadharini zaidi na radi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini upepo wa kusini huwa na nguvu na mawimbi yake ni makubwa.

KABLA YA KUSUKUMA MTUMBWI

Yapo mambo matano ya kufanya mwaloni. Hesabuni kwa vidole vya mkono mmoja, ili msiyasahau.

La kwanza, sikilizeni utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, yaani mvua, upepo na urefu wa mawimbi. Redio hutangaza, na siku hizi hata simu huleta. Mmoja wenu apewe kazi ya kusikiliza kila siku na kuandika kwenye ubao hapa mwaloni. Maneno matatu tu yanatosha: "LEO UPEPO MKALI." Kila anayepita atasoma. Mkisikia onyo la upepo mkali, msitoke. Dagaa wa leo watakuwepo kesho.

La pili, kagueni mtumbwi. Angalieni mbao zilizoachana na misumari iliyolegea. Mtumbwi unaovuja ukalafatiwe leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Wapo wanaosema, "Unavuja kidogo tu, tutachota." Ndugu yangu, usiku wa mawimbi mikono yote inatakiwa kwenye kafi. Nani atachota? Kopo la kuchotea maji liwemo, tena lifungwe kwa kamba lisielee likaenda. Kafi za akiba ziwemo hata kama mna mashine. Mashine haina ahadi.

La tatu, pimeni mzigo. Tuchukue mfano. Watu wanne, kila mmoja kilo 65, ni kilo 260. Wekeni mashine, mafuta, taa na nyavu. Kumbukeni kwamba wavu mkavu na wavu uliolowa si kitu kimoja. Halafu kuna samaki wa kurudi nao. Mtumbwi uliotoka ukiwa umezama nusu, utarudije?

Meli kubwa za biashara zina alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa mzigo. Uingereza ilitunga sheria ya alama hiyo tangu mwaka 1876, baada ya mabaharia wengi kufa katika meli zilizojazwa kupita kiasi. Nasi twaweza kuweka alama yetu. Mwiteni fundi aliyeujenga mtumbwi. Aseme mzigo wake ni kiasi gani. Pigeni mstari wa rangi nyeupe ubavuni. Maji yakifika kwenye mstari, teremsheni mzigo au mtu. Mstari hauna upendeleo. Tajiri na kibarua wote wanauona.

Msidhani kwamba kuwa karibu na nchi kavu kutawaokoa. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka huko Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, lakini kilibeba watu wengi zaidi. Walikufa watu zaidi ya 220. Kilikuwa kimebakiza meta chache tu kufika gatini. Watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao waliona kwa macho yao. Mzigo ukizidi, hata meta chache ni mbali.

La nne, vaeni majaketi okozi. Hapa nitakaa kidogo.

Nimeona majaketi yaliyofungwa kwenye karatasi yake ya dukani, yamewekwa chini ya nyavu. Mwenyewe anasema, "Yapo, Bwana Samaki, upepo ukianza tutavaa." Jaribuni jambo hili leo, hapa nchi kavu penye jua. Mtu mmoja avae jaketi na kufunga kamba zake zote, na mwingine ahesabu. Mtaona anafika 40 au zaidi. Sasa fikirini giza, mvua, mtumbwi unaruka, vidole vimekufa ganzi, na jaketi liko chini ya wavu. Mtumbwi haupinduki kwa hesabu ya 40. Unapinduka kwa hesabu ya mbili.

Si sisi tu wenye tabia hii. Huko Marekani wapo watu wanaowinda bata wa porini kwa vimashua vidogo, na wengine wengi wanaovua kwa starehe. Walinzi wa pwani wa nchi ile hutoa hesabu ya ajali za mashua ndogo kila mwaka. Mwaka baada ya mwaka hesabu inasema jambo lile lile. Katika kila watu 10 waliokufa maji, zaidi ya 8 hawakuvaa jaketi. Na hao ni watu wa nchi tajiri, wenye maduka yaliyojaa majaketi. Basi tatizo si duka peke yake. Jaketi lisilovaliwa ni mzigo kama mizigo mingine.

Tena lifungwe sawasawa. Jaketi lililoachwa wazi hupanda juu ya kichwa na kumwacha mwenyewe chini.

Na madumu je? Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara, laweza kushikwa na watu wawili wakaelea. Fungeni madumu mawili au matatu ndani ya mtumbwi, chini ya mahali pa kukalia. Yatausaidia mtumbwi usizame hata ukijaa maji. Lakini dumu si badala ya jaketi. Dumu hulishika wewe. Jaketi hukushika lenyewe, hata ukizimia.

La tano, andikeni daftari. Jambo hili halina gharama kubwa. Nunueni daftari moja la shule na kalamu. Kila jioni, kabla mtumbwi haujasukumwa, mtu mmoja aandike: jina la mtumbwi, majina ya watu waliomo, upande wanaokwenda, na saa watakayorudi. Asubuhi wakirudi aweke alama ya vema. Mtumbwi usio na alama hadi saa tatu asubuhi unatafutwa saa hiyo hiyo.

Leo hali ikoje? Mtumbwi ukikosa kurudi, watu wanasema labda wameuzia samaki mwalo mwingine. Siku ya pili wanasema labda mashine imeharibika. Siku ya tatu ndipo kilio kinaanza. Wakati huo wote huenda watu walikuwa hai, wameshikilia ubao, wakingoja. Hawakuuawa na maji tu. Waliuawa na "labda."

Kazi hii ya daftari napendekeza muwape akina mama. Wao hukaa hapa mwaloni wakingoja dagaa. Wengi wamejifunza kusoma na kuandika. Na tena, nani anayejua vizuri kuliko mke kwamba mume hajarudi?

MKIWA KAZINI

Mtumbwi ni kama mizani. Uzito ukikaa chini na katikati, unatulia. Uzito ukisimama juu au ukienda upande mmoja, unapinduka. Kwa hiyo kaeni. Anayetaka kubadili nafasi aseme kwanza, ainame, ashike kingo zote mbili, aende taratibu.

Wakati wa kuvuta wavu msiende wote upande mmoja. Wawili wakivuta, mmoja akae upande wa pili kupima uzito. Kamba ya wavu msiizungushe mkononi. Sangara mkubwa au wimbi moja likivuta, kamba itakwenda na mkono, na mkono utakwenda na mtu. Kisu chenye makali kiwe mahali pamoja kila siku, mahali mnapoweza kukipapasa gizani.

Lipo jambo jingine, na akina mama mnisamehe. Wanaume wengi huanguka majini wakiwa wamesimama ukingoni kujisaidia haja ndogo. Msicheke, ni kweli. Mtu amechoka, usingizi unamchukua, anasimama juu ya ubao unaoyumba, mikono yote haipo kwenye ukingo. Chukueni kopo, mkae chini, mmwage. Hakuna aibu. Aibu ni kufa kwa sababu hiyo.

Pombe iachwe kijijini. Wapo wasemao inaleta joto. Inadanganya. Pombe huleta damu karibu na ngozi, nawe unajisikia moto, kumbe joto la ndani linatoka nje. Na miguu ya mlevi haisimami barabarani penye ardhi tulivu, itakaaje juu ya maji?

Petroli iwe mbali na karabai. Msijaze mafuta huku moto unawaka.

KIBOKO NA MAMBA

Penye matete na maji ya kina kifupi kuna wenyeji wengine. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na alfajiri hurudi. Akikutana nawe njiani kwake, hana simile. Usipite kati yake na maji ya kina, kwa maana huko ndiko anakokimbilia akiogopa. Penye viboko zungukeni kwa mbali, hata kama mtachelewa. Mkilazimika kupita karibu na matete, gonga gonga ubao wa mtumbwi kwa kafi ili ajue mpo na ajitokeze mapema. Kiboko mwenye mtoto msimsogelee kabisa.

Mamba naye hutafuta kilicho ukingoni. Msiache mikono au miguu ikining'inia nje ya mtumbwi. Msipasue samaki na kumwaga matumbo pale pale mnapoingilia majini. Hapo mnamwita mezani.

DHORUBA IKIANZA

Dhoruba hutoa taarifa. Mtaona umeme kwa mbali. Mtasikia upepo umebadilika ghafla, na hewa imekuwa baridi. Hapo msiseme, "Tumalizie mtego mmoja." Fanyeni hesabu. Mkiona umeme, anzeni kuhesabu sekunde taratibu mpaka msikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa 1. Mkifika 30, radi iko kilometa 10. Hiyo ni karibu sana kwa mtu aliye majini. Mkihesabu mara ya pili na idadi ikapungua, inawajia. Kusanyeni, mwende nchi kavu iliyo karibu, hata kama si kijijini kwenu. Kama nyavu zimenasa, zikateni au zifungieni boya, mzifuate kesho. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ikiwakuta kabla hamjafika, fanyeni hivi.

Kaeni wote chini sakafuni mwa mtumbwi. Tangazo na mlingoti viteremshwe, yaani tanga lishushwe na nguzo yake ilazwe, kwa sababu radi hupenda kitu kirefu. Elekezeni mbele ya mtumbwi kwenye wimbi, au kwa mshazari kidogo. Msiruhusu wimbi liwapige ubavuni. Wenye mashine wapunguze mwendo.

Mashine ikizimika, fungeni ndoo, au wavu uliokunjwa, kwenye kamba ndefu. Ifungeni kamba hiyo mbele ya mtumbwi na kuitupa majini. Ndoo itaburuta maji na kuushika mtumbwi uso kwa uso na upepo. Huku mwingine anachota maji bila kupumzika. Mzigo ukiwazidi, tupeni samaki majini. Samaki mtawapata tena.

MTUMBWI UKIPINDUKA

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanafanya lile ambalo moyo unawaambia. Moyo unasema, "Taa zile pale, ogelea." Usiufuate. Usiku taa za mbali huonekana ziko karibu. Muogeleaji hodari wa mchana si hodari usiku kati ya mawimbi.

Usiuache mtumbwi. Mtumbwi wa mbao, hata ukijaa maji, mara nyingi huelea. Tena mtumbwi ni mkubwa. Atakayekuja kuwatafuta ataona mtumbwi kabla ya kuona kichwa cha mtu. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kama nazi.

Iteni majina. Hesabuni mko wangapi. Kama umejaa maji lakini haukupinduka, kaeni ndani yake, chini, mchote. Kama umepinduka, pandeni juu ya tumbo lake, au mshike. Kadiri mwili unavyotoka majini, ndivyo joto linavyobaki. Maji ya ziwa letu si barafu. Huwa kama nyuzi 24 hadi 27 za joto. Lakini mwili wako una nyuzi 37. Kila saa inayopita, maji yanakunyang'anya joto hilo, upesi kuliko hewa. Msivue nguo. Mliovaa jaketi kunjeni magoti kifuani, mkumbatiane. Asiye na nguvu awe katikati.

Kila mvuvi awe na filimbi shingoni. Sauti ya kupiga kelele huisha upesi, lakini filimbi ni pumzi tu. Simu na tochi zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji. Namba ya dharura hapa Tanzania ni 112. Isomeni, mkaririshe watoto.

Mkimwona mtu anazama, msijirushe kumfuata. Anayezama hushika chochote na kukizamisha, hata kama ni ndugu yake. Mnyooshee kafi. Mtupie kamba au dumu. Mpandisheni kwa mbele au kwa nyuma ya mtumbwi, si kwa ubavu, msije mkapinduka nyote.

Akitolewa hapumui, msimninginize kichwa chini. Msimkamue tumbo. Mnapoteza wakati. Mlazeni chali, inueni kidevu chake, zibeni pua, mpulizieni pumzi 5 mdomoni. Kisha bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na upesi mara 30, mpulizieni pumzi 2, tena mara 30, na pumzi 2. Msichoke upesi, huku mwingine anatafuta msaada.

NANI ANUNUE JAKETI?

Sasa nafika kwenye jambo gumu. Najua mnalinong'ona tangu nilipoanza.

Kibarua anasema, "Mtumbwi ni wa tajiri, jaketi anunue tajiri." Tajiri anasema, "Uhai ni wako, jaketi nunua mwenyewe." Wakati wanabishana, mtumbwi unatoka bila jaketi.

Nawaambia wenye mitumbwi mbele ya watu wote. Mashine mnaifungia mnyororo usiku isiibwe. Nyavu mnazihesabu moja moja. Mtu anayeziendesha mashine hizo na kuzitupa nyavu hizo, mmemwekea nini? Jaketi okozi ni chombo cha kazi kama kafi. Hakuna mwenye mtumbwi anayemwambia kibarua aje na kafi yake. Mtumbwi ukipotea na watu wake, wewe unapoteza mali. Mama mmoja hapa anapoteza mume, na watoto wanapoteza ada ya shule. Hamko sawa katika hasara hiyo. Basi mwenye kupungukiwa kidogo na aanze kutoa.

Nanyi vibarua, mkipewa jaketi msiligeuze mto. Na asiyepewa ana haki ya kusema, "Leo sitoki." Najua akisema peke yake, mwingine atachukua nafasi yake asubuhi. Ndiyo maana lisiwe neno la mtu mmoja. Liwe neno la mwalo. Kikundi chenu cha usimamizi wa uvuvi, kile mnachokiita BMU, kikae na wenye mitumbwi na vibarua pamoja. Mkubaliane kwamba katika mwalo huu hakuna mtumbwi unaosukumwa kama idadi ya watu na idadi ya majaketi si sawa. Kama fedha ni tatizo, tengeni fungu dogo kila mauzo, mnunue mtumbwi mmoja mmoja mpaka wote wapate. Hivyo ndivyo mlivyonunua mashine, hamkununua zote siku moja.

Wapo pia vijana wanaoona haya. Wanasema kuvaa jaketi ni uoga. Na wapo wazee wanaosema, "Siku yangu ikifika imefika." Wazee wangu, nawaheshimu, nami naamini siku ya mtu anaijua Mungu. Lakini mvua nayo huleta Mungu, na bado tunaezeka nyumba zetu. Hatusemi, "Kama imeandikwa nilowe, nitalowa." Kuvaa jaketi si kubishana na Mungu. Ni kuezeka.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, nimesema mengi. Mkishindwa kuyashika yote, shikeni vidole vitano: utabiri, mtumbwi, mzigo, jaketi, daftari. Na mkipatwa na mkasa, shikeni la sita: usiuache mtumbwi.

Daftari nimekuja nalo. Liko hapa mezani pamoja na kalamu. Jioni ya leo ni ya giza, nanyi mtatoka. Nawaomba mchague sasa hivi nani ataandika jina la kwanza.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku?
2. Taja mambo matano ya kufanya kabla ya kusukuma mtumbwi. Ni lipi halifanywi katika mwalo wenu? Kwa nini?
3. Mmeona umeme, mkahesabu sekunde 18 ndipo mkasikia ngurumo. Radi iko kilometa ngapi? Mtafanya nini?
4. Kwa nini ni vibaya kuuacha mtumbwi uliopinduka na kuogelea kuelekea kwenye taa?
5. Katika kijiji chenu nani anafaa kununua jaketi okozi: mwenye mtumbwi, kibarua, au wote wawili? Kila upande utoe sababu zake.
6. Chora ukurasa wa daftari la mwalo wenye safu tano: jina la mtumbwi, majina ya watu, upande wanaokwenda, saa ya kurudi, alama ya vema.